Mzigo Hauna Mkwe

Mimi sikwenda shule. Haya nayasema kwenye simu nikiwa hapa Butiama, na binti yangu huko kwake Austria anasikiliza halafu anaandika. Nimemwambia, andika kama ninavyosema, usininyooshee maneno. Nikija kusomewa nikakuta naongea kama redio, nitakataa kwamba ni mimi.

Basi. Nilipowaambia wenzangu kwamba naenda Ulaya kutembea kwa miguu siku saba, walinicheka. Jirani yangu, yule tunayelima naye mpaka mmoja, anaongeaga puani kama mtu ana mafua ya kudumu. Akaegemea jembe. "Kutembeaa? Kwa miguuu? Magari hawana huko?"

Nikamwambia wanayo mengi.

"Sasa wanafukuzwa na nani?"

Nikamwambia hawafukuzwi, wanalipa ndio watembezwe. Wana kiongozi wao mbele, wanamfuata, mlima juu mlima chini.

"Wanalipa. Watembee."

"Ndiyo."

"Halafu wakifika wanafanya nini?"

"Wanalala. Asubuhi wanatembea tena."

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Mwenzangu, hao ni wagonjwa. Nenda, lakini usile nao kijiko kimoja."

Kutembea mimi si mgeni. Nikiwa msichana, mama yangu alikuwaga ananiamsha alfajiri tunaenda gulioni Kiabakari na muhogo kichwani, jua linatukuta njiani. Nikaolewa, nikatembea na mimba, nikatembea na mtoto mgongoni. Musoma tulikuwa tunaendaga kwa miguu kupeleka kuku, tunalala kwa shangazi, kesho yake tunarudi. Bunda nimeenda kwenye misiba mara ngapi sijui. Hakuna siku mtu aliniambia hongera. Kumbe ningezaliwa kwingine ningekuwa mtalii.

Sasa anayetembeza hao watu ndiye mume wa binti yangu. Ni kazi yake. Kwao kuna milima, juu ya milima kuna njia, na kwenye njia kuna nyumba za kulala wageni, unatoka nyumba hii leo, jioni unafika ile. Watu wanatoka mijini weupe kama ugali wa sembe, yeye anatangulia, anawaambia hapa kunyweni maji, hapa msitazame chini. Alikutana na binti yangu Bunda, binti alikuwa anafanya kazi nyumba ya wageni, yeye amekuja kuangalia wanyama. Alikuja kuangalia nyumbu akaondoka na mtoto wangu. Ndoa ilifungwa kanisani huku kwetu, vizuri, watu walikula wakashiba.

Hapa lazima nieleze kitu, la sivyo mtaniona mwendawazimu huko mbele.

Kwetu mume wa binti yako ni mtu mkubwa sana. Mama mkwe hamshiki mkono. Hali chakula naye. Hamtazami machoni. Halali chumba anacholala yeye. Mkikutana njiani, mama anatoka njiani anampisha, uso anageuza kule. Mimi nilimwona mama yangu na ndoo ya maji kichwani akiingia kwenye mtama wa watu mpaka katikati, kwa sababu mume wa dada yangu alikuwa anakuja na baiskeli. Yule bwana akapita anapiga miluzi, hata hajui. Sisi watoto tukacheka. Mama alipotoka kwenye mtama alitupa kofi moja moja, maji hayakumwagika.

Huyu mkwe wangu miaka sita nimemkimbia vizuri kabisa. Akija likizo Butiama, mimi nakaaga jikoni. Kule uani nasikia, "Shikamoo, mama!" Najibu nyuma ya ukuta, marahaba. Baada ya muda kidogo tena, "Shikamoo, mama!" Anafikiri shikamoo ni kama hodi, kila akipita anabisha. Kwa siku inafika ishirini, mpaka kuku wamezoea. Na mimi kule jikoni namtengenezea sato mzima, namchinjia kuku, firigisi nampelekea yeye. Firigisi! Marehemu mume wangu aliipata kwa mwaka mara mbili.

Sasa mwaka jana binti akapiga simu. "Mama, mume wangu anasema uje utembee na kundi lake. Anataka uone kazi yake."

Nikamwambia, "Na ukwe tutauweka wapi?"

"Njia ni pana, mama. Tutapangana."

Njia ni pana! Andika hapo kwamba ulinidanganya. Umeandika? Haya.

Viatu nilinunua Musoma, mitumba. Muuzaji ni mzee Mwislamu ana kofia nyeupe na ulimi wa asali, hata ukiwa huna shida ya kiatu utaondoka na viwili. Akanitolea viatu vizito vya ngozi, soli kama tairi la trekta. "Mama yangu, wallahi, chukua hivi. Hivi vimetoka hukohuko Ulaya. Njia wanaijua. Wewe unaingiza mguu tu, vyenyewe vinakupeleka."

Nikamwambia, "Na nikikutana na mwenyewe akavitambua?"

"Mwambie wewe ulivitupa, Mungu akaviokota."

Nikafunga michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, nikafunga dagaa wa Rukuba kwenye mifuko mitatu ili harufu isitoke, nikaenda. Habari ya ndege sisemi, nilifumba macho nikasali rozari toka mwanzo mpaka mwisho, hakuna nilichoona.

Asubuhi ya kwanza tulikusanyika chini ya mlima, watu wanane na mimi. Mkwe akasimama mbele, mimi nikasimama nyuma kabisa, natazama nyasi. Anaeleza kazi ya siku, binti ananitafsiria: masaa sita, juu, juu, juu, halafu chini kidogo, halafu juu. Wenzangu wanaitikia kwa furaha kama wameambiwa kuna pilau.

Wawili niwataje. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, ana saa mkononi inayohesabu hatua. Kila tukipumzika anaitazama anatangaza kama anauza samaki mnadani: "Elfu saba! Elfu saba na mia mbili!" Nikamwambia binti, mwambie mimi nikihesabu zangu tangu utoto hiyo saa itapasuka. Akacheka mpaka akakohoa. Huyo tukawa marafiki. Jioni kwenye ile nyumba ya kwanza mtu alipiga kinanda cha kukunjua, mwalimu akanishika mkono, tukacheza, nikamwonyesha mabega ya kwetu yanavyochezwaga, yeye mabega yake yalikuwa yamelala tangu azaliwe.

Wa pili ni bibi amenizidi umri, anatembea na fimbo mbili, tak tak, tak tak. Kwetu ukimwona mtu na fimbo mbili unajua anapelekwa hospitali. Huyu alinipita kwenye mlima kama pikipiki. Lakini kulalamika! Sauti kama kuku aliyekaliwa: "Supu imepoa. Godoro gumu. Mlima mrefu." Nikamuuliza binti, kwani alilazimishwa? Binti akasema, hapana mama, anakujaga kila mwaka. Nikaelewa. Amelipa alalamike mahali penye hewa nzuri.

Na hewa ni nzuri kweli. Nchi ile niliipenda. Ng'ombe wamevaa kengele kama wanaenda ibadani. Maji yanatoka kwenye bomba la mti pembeni ya njia, mtu yeyote anakunywa, hakuna wa kukuuliza wewe ni nani. Kwenye mawe wamepaka rangi, nyekundu na nyeupe, ili mgeni asipotee. Nikawa kila nikiona jiwe lenye rangi nasema asante. Maana mtu alipanda huku na kopo lake la rangi, akainama, akapaka, akiwafikiria watu asiowajua, na mimi wa Butiama nimo.

Ubaya ulikuwa kulala. Tulipofika ile nyumba ya kwanza, binti akanivuta pembeni, anaongea taratibu kama anatoa taarifa ya msiba. "Mama, hapa watu wote wanalala chumba kimoja."

"Wote nani?"

"Wote. Kuna kitanda kirefu, tunapangana."

"Na mumeo?"

"Na yeye."

Nilicheka kwa sababu nilifikiri ni utani. Nikaenda kuona. Kitanda kimoja, ukuta mpaka ukuta, magodoro yamepangwa kama mihogo imeanikwa. Nikachukua blanketi langu nikashuka chini, kulikuwa na chumba cha kukaushia viatu, kina joto, nikalala humo. Viatu vya watu kumi vinapumua, na mimi napumua. Mwenye nyumba alinihurumia akaniletea godoro. Asubuhi wakashangaa, bibi wa fimbo akasema, "Analala na viatu! Ni desturi yao?" Nikasema mwambie ndiyo, viatu havikoromi kama yeye.

Mkwe hakucheka. Nilimwona kwa pembe ya jicho, ameinamia kikombe.

Siku ya tatu tukapumzika kwenye bomba moja la maji, ng'ombe wanapokunywa, wenzetu wanakula chokoleti zao, mimi natafuna michembe. Binti akaja akakaa karibu yangu, macho mekundu.

"Mama, mume wangu anaumia."

"Mguu?"

"Si mguu. Anasema humpendi."

Mchembe ulinikwama. "Mimi?"

"Nilimwelezaga habari ya ukwe tangu zamani, akakubali. Lakini sasa anasema, hapa si Butiama. Anasema mama yako anashikana mikono na watu wote. Amecheza na mwalimu. Anataniana na mwenye nyumba. Wageni aliowajua jana anacheka nao, mimi wa miaka sita ananikimbia. Ameenda kulala na viatu ili asiwe chumba kimoja na mimi. Anasema desturi gani hiyo inanihusu mimi peke yangu?"

"Si inakuhusu wewe peke yako ndiyo maana yenyewe!"

"Mama, mimi najua. Yeye hajui." Akafuta pua kwa mkono, kama alipokuwa mtoto. "Anasema baada ya safari hii haji tena Butiama. Anasema haendi mahali asipotakiwa. Na mimi ni mke wake. Nitakuja peke yangu mara ngapi? Tukipata watoto nitawaleta na nani?"

Nilifunga mfuko wangu wa michembe, nikafungua, nikafunga. Mtoto huyu ndiye niliyebaki naye. Nilikuwa nimemwekea mumewe heshima yote niliyonayo, nimemrundikia kama gunia, kumbe kule kwake ilikuwa inafika ni dharau. Na mimi sikujua nifanye nini. Nimshike mkono? Ningemshika mkono ningeona nimemvua nguo mbele za watu.

Tukaondoka. Njia ilizunguka mlima, ikawa nyembamba, upande wa juu ukuta wa jiwe, upande wa chini mteremko wa kokoto mpaka mbali, mwisho wake sikutaka kuuona. Mkwe alikuwa nyuma anamfungia bibi wa fimbo kamba ya kiatu. Mimi nilikuwa katikati, natembea nafikiria. Mara nasikia hatua nyuma yangu, haraka, na sauti, "Samahani, mama! Shikamoo, mama!" Anataka kupita aende mbele kwa watu wake.

Mtu ukiwa na mawazo, mwili unafanya unachokijua. Mimi nikatoka njiani nikampisha mkwe.

Nilitoka upande wa chini.

Kokoto zikasema sharaaa, na mimi nikasema Yesu na Maria, nikashuka kwa makalio kama mtoto kwenye kichuguu, kanga inapepea, mpaka nikakamatwa na kichaka. Kilikuwa kichaka kifupi chenye miiba, na mimi nakishukuru mpaka leo. Nikajaribu kusimama, mguu wa kushoto ukakataa.

Juu huko kelele. Mwalimu anaita, bibi wa fimbo anapiga mayowe, binti yangu analia, "Mamaaa!" Nikapaza sauti, "Mzima! Mguu tu!" Nikatazama, nikaona mkwe amekwisha kujifunga kamba, mwisho mwingine ameufunga kwenye chuma kilichopigiliwa kwenye ule ukuta wa jiwe, anashuka kwangu.

Nikapiga kelele, "Usije! Usinishike! Binti, mwambie asije yeye! Aje yule mwalimu!"

Binti kule juu, "Mama, mwalimu anatetemeka!"

"Aje atetemeke hukuhuku!"

Mkwe alikuwa amefika. Akasimama mbali na mimi kama urefu wa jembe, hajanigusa. Nikageuza uso nikakitazama kichaka. Nikasikia anahema. Halafu akasema kwa Kiswahili chake, taratibu, kila neno amelibeba kwa mikono miwili:

"Mama. Kwa nini? Mimi mtu mbaya?"

Mimi naigizaga sauti za watu wote, padri, mtendaji wa kijiji, wauza dagaa, na watu wanacheka. Hiyo sauti siwezi kuiigiza. Nimejaribu.

Nikamwita binti, "Shika ukuta huo usije ukaanguka na wewe. Nitasema, umwambie neno kwa neno. Usipunguze."

"Sema, mama!"

"Mwambie: mtu ambaye kwangu si kitu, huyo namshika mkono. Nacheka naye. Nacheza naye. Huyo mwalimu wa saa naweza hata kumkalia mgongoni nikala muhogo, maana kwangu si kitu."

Binti akatafsiri kwa kupiga kelele, mlima ukarudisha. Na mwalimu yuko palepale anasikia. Nikasikia anauliza kitu, na wenzake wote wakacheka, na yeye akacheka.

"Mwambie: wewe ulichukua mtoto wangu niliyebaki naye, ukamtunza. Kwetu mtu kama huyo hatazamwi usoni kama mtu wa sokoni. Padri mwenyewe namtazama. Wewe sikutazami. Mwambie miaka sita nimejificha jikoni kwa sababu yako, moshi umenitoa machozi, nikakuletea firigisi. Mwambie leo nimetoka njiani nikupishe kama mama yangu alivyompisha mkwe wake, nimesahau tu kwamba mama yangu kulikuwa na mtama na mimi kuna shimo."

Binti anatafsiri huku analia, analia huku anacheka, hata sijui kama walielewa yote. Firigisi ilimshinda, akaishia kuonyesha tumbo.

Mimi bado natazama kichaka, nahesabu miiba. Halafu nikasikia anavuta pua. Mwanaume mzima, kiongozi, na kamba kiunoni.

Akasema, "Mama. Mimi sikujua hii."

Nikamjibu mwenyewe, si kupitia binti. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea naye zaidi ya marahaba. Nikamwambia kichaka, lakini yeye ndiye niliyemwambia: "Sasa umejua."

"Ndiyo. Lakini mama, mimi kiongozi. Kazi yangu, watu wote chini salama. Mguu yako mbaya. Nani anabeba?"

Kweli, nani. Mwalimu anatetemeka, binti hawezi, wengine ni watu wa kuhesabu hatua. Nikafikiri. Mama yangu angefanya nini? Mama yangu asingekuja huku.

Nikavua kanga ya mabegani. Nikaita, "Binti, mwambie mama mkwe wake ameondoka, amekwenda zake. Hapa kumebaki mzigo. Mzigo hauna mkwe. Kazi yake yeye ni mlima, abebe mzigo." Nikajifunika kanga kichwa chote mpaka kidevuni, nikakaa kimya kama gunia la udaga, ule muhogo mkavu.

Nikasikia binti anatafsiri. Nikasikia mkwe amecheka kidogo, kwa pua. Halafu akafanya kazi yake, na kazi yake anaijua. Akapitisha kamba huku na huku akatengeneza kama kikalio, akanigeuzia mgongo, akanivuta, nikawa mgongoni. Mikono yangu nilikunja kifuani, mzigo haukumbatii mtu. Tukapanda. Kokoto zinamkimbia miguuni, yeye anatafuta jiwe, anakanyaga, anatafuta jingine. Tulipofika njiani hakunishusha. Akaendelea, saa nzima na zaidi, mpaka nyumba ya kulala.

Njiani aliuliza, "Mzigo, mzima?"

Mzigo hausemi. Nikamgonga begani na kidole mara mbili.

Baada ya muda, "Mzigo, mzima?" Kidole mara mbili. Ikawa ndiyo shikamoo yetu mpya.

Ndani ya ile kanga mimi nililia, nawaambia ukweli, na si mguu. Nilikuwa nafikiria mambo niliyobeba. Maji, kuni, mihogo, kuku wa Musoma, watoto, na wawili kati ya hao watoto niliwabeba nikawapeleka hospitali nikarudi mikono mitupu. Sikumbuki mtu aliyewahi kunibeba mimi tangu mama aliponishusha mgongoni mdogo wangu alipozaliwa. Ni zamani hiyo. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anabebwaga. Nasikia moyo wake unapiga kwenye mgongo, du, du, du, kijana wa watu, jasho linapenya mpaka kwangu, na nikasema, Mungu wangu, asante kwa hili, hata kama ni aibu asante.

Kwenye nyumba walinifunga mguu, bibi wa fimbo mwenyewe ndiye alifunga, alikuwaga nesi. Anafunga analalamika, "Bandeji fupi. Mguu mkubwa." Amefunga vizuri mpaka nikatamani kumpa kuku.

Chakula kikaja. Meza moja ndefu, mabakuli, mvuke, watu wameketi. Mimi wameniweka pembeni ya jiko, mguu juu ya kiti. Nikaanza kufikiria tena nitajificha wapi, maana mzigo umekwisha shushwa, mama mkwe amerudi. Kabla sijasema kitu, mkwe akachukua sahani yake, akachukua kijiko, akafungua mlango akatoka. Akaketi kwenye ngazi ya nje, mgongo kwetu, mlango ameuacha wazi kidogo.

Wenzake wakamwita, rudi, kuna baridi! Akajibu bila kugeuka, kwa lugha yao kwanza, halafu kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Mama anakula."

Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilimuuliza binti, wewe umemwambia? Akasema, "Hapana, mama. Hata mimi nimeshangaa."

Bibi wa fimbo akataka kujua kwa nini kiongozi anakula nje kama mbwa. Binti akamweleza. Bibi akasikiliza yote, akaweka kijiko chini. "Mkwe wangu mimi," akasema, "anakaa kwenye kiti changu na anabadilisha televisheni yangu. Hiyo desturi yenu mnaigawa?"

Nikafungua mfuko wa dagaa, na wa pili, na wa tatu. Meza nzima wakashika pua. Nikaweka dagaa nzuri kwenye kisahani, zile kubwa, nikampa binti ampelekee mumewe pale nje. Akala. Nilisikia anatafuna, anatafuna na vichwa, vizuri, kama mtu wa ziwani.

Halafu akaita, ameelekea milima yake, na mimi nimeelekea jiko langu. "Mama!"

"Nakusikia, mkwe."

"Mwezi wa kumi na mbili, mimi nakuja Butiama."

Binti aliacha kula. Mimi nikasema, "Karibu sana."

"Nitakaa nje?"

"Utakaa nje, kwenye kiti kizuri, na meza yako. Mimi nitakaa jikoni nikusifu kwa sauti mpaka usikie."

"Na moshi? Mama analia na moshi. Mimi naweza kutengeneza ile jiko. Bomba juu, moshi inatoka."

"Na mimi nitakaa wapi ukiwa unatengeneza?"

"Shambani, mama. Kwenye mtama."

Watu wote wa meza walishangaa kuona bibi wa mguu mmoja anacheka peke yake, na kiongozi wao anacheka peke yake huko nje gizani, tumepeana migongo.